Je, Yaya Ampeleke Mtoto kwa Gari?

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku umetega sikio. Na kama yaya wako yuko hapo nyumbani, mwite asikilize pia, kwa maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye sawa na yanavyokuhusu wewe.

Leo tunajibu swali ambalo akina mama huulizana kanisani, kwenye chama na kwenye foleni ya kliniki: Je, ni sawa yaya kumwendesha mtoto wangu mdogo kwa gari?

Chukua mfano wa mama anayeishi Ruiru au Kitengela na kufanya kazi mjini Nairobi. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili kuepuka msongamano wa magari. Mtoto wake ana miaka mitatu, na nasari inafunguliwa saa mbili. Mama mwenyewe hupanda matatu, kwa hivyo gari la familia linabaki uani. Yaya ni msichana mwenye bidii, mtoto anampenda, na tena ana leseni. Basi mama anajiambia, "Si ampeleke tu kwa gari?"

Huenda jibu likawa ndiyo. Huenda likawa hapana. Lakini lisiwe jibu la haraka la asubuhi moja kwa sababu mvua inanyesha na umechelewa. Hebu tulitafute jibu hilo pamoja.

Kwanza, tuzungumze juu ya hatari yenyewe. Watu wetu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu unafariji wakati wa msiba, lakini barabarani unatudanganya. Ajali nyingi zina kinga. Mwendo wa polepole ni kinga. Mkanda ni kinga. Kumnyima ufunguo mtu ambaye hajawa tayari ni kinga pia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29 duniani kote. Kwa hivyo, mama unayekazana kumpeleka mtoto chanjo na kumchemshia maji ya kunywa, ujue kwamba barabara nayo ni jambo la afya.

Mwili wa mtoto mdogo haufanani na wa mtu mzima. Kichwa chake ni kikubwa na kizito kikilinganishwa na mwili wake, na shingo yake bado ni laini. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mwili wa mtoto huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule uliokuwa nao. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa mijini kwetu, kugonga ukuta ni kama kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Hiyo ni kama dirisha la ghorofa ya tatu. Hebu tazama juu ya jengo la ghorofa ulipo, kisha ufikirie.

"Lakini mimi humpakata," mama mwingine atasema. "Nikimshika imara hawezi kuponyoka." Mama, mikono ya mama ina upendo mwingi, lakini haina nguvu hizo. Gari likisimama ghafla namna hiyo, mtoto wa kilo 10 anaweza kuvuta mikono yako kana kwamba ana kilo 200 au zaidi. Hiyo ni sawa na kukamata magunia mawili ya mahindi yanayorushwa. Hakuna mama wala yaya anayeweza. Kwa hivyo swali letu la leo halihusu tu nani anashika usukani. Linahusu pia mtoto ameketi wapi na amefungwa vipi.

Sasa tuje kwa yaya. Jambo kubwa ambalo ningependa ulikumbuke leo ni hili: kumwamini yaya na mtoto ni jambo moja, na kumwamini na mtoto ndani ya gari ni jambo lingine. Yaya anaweza kuwa mwaminifu, msafi na mpole, mwenye kujua mtoto akilia ni njaa au ni usingizi, lakini akawa bado ni dereva mchanga. Kumwambia "hapana, bado" si kumtukana. Na kumwambia "ndiyo" si zawadi ya tabia njema. Tabia njema mshukuru kwayo kwa njia nyingine. Ufunguo wa gari umpe kwa sababu ya uendeshaji wake peke yake.

Utajuaje basi? Kuna maswali sita. Chukua kalamu uyaandike.

Swali la kwanza: Je, leseni yake ni halali? Usitosheke na kuambiwa. Mwombe akuonyeshe, na akufungulie akaunti yake ya huduma za NTSA kwenye simu ili muitazame pamoja. Angalia majina, angalia tarehe ya mwisho, angalia aina ya gari anayoruhusiwa kuendesha. Leseni ya muda ya mwanafunzi haimruhusu kuendesha akiwa peke yake, sembuse akiwa na mtoto wako. Leseni ya pikipiki si leseni ya gari. Na kama alifanya mtihani kwa gari la otomatiki pekee, ilhali gari lako ni la kukanyaga klachi, basi hilo bado si gari lake.

Swali la pili: Je, ameendesha kwa muda gani, na wapi? Mtu anaweza kuwa na leseni ya miaka minne na asiwe ameshika usukani tangu siku ya mtihani. Kuendesha barabara ya mchanga kijijini si sawa na kuingia mzunguko wenye matatu zinazopitia pande zote. Muulize waziwazi: "Dada, mara ya mwisho uliendesha lini? Gari la nani? Njia gani?" Kisha mpigie simu yule aliyemwajiri zamani, umuulize hayo hayo.

Swali la tatu: Je, umemwona akiendesha kwa macho yako? Hili ndilo swali linalopita mengine yote. Keti kando yake, mtoto akiwa amebaki nyumbani, mwende njia ile ile ya nasari, saa ile ile ya asubuhi. Usiende mara moja tu. Nenda mara kadhaa, na siku moja iwe ya mvua. Nyamaza utazame. Je, anatazama vioo kabla ya kubadili njia? Anapunguza mwendo akikaribia matuta na kivuko cha waenda kwa miguu? Anaacha nafasi ya kutosha kati yake na gari la mbele? Matatu ikimpigia honi kwa nyuma, je, anatulia au anapapatika? Anajua kurudi nyuma vizuri, kwa kutazama kwanza kama kuna mtoto nyuma ya gari? Kisha jiulize: mguu wangu ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwapo? Ukiona mguu wako unatafuta breki kila mara, umepata jibu lako.

Swali la nne: Je, amepumzika na yuko mzima? Hapa, mama, swali linakugeukia wewe. Yaya aliyeamka na mtoto mara tatu usiku, akaamka tena saa kumi kupika chai na kupiga pasi, huyo ana usingizi. Dereva mwenye usingizi anaweza kufumba macho kwa sekunde mbili tu, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari litakuwa limekwenda karibu mita 28 bila dereva. Dawa nyingine za mafua na mzio pia huleta usingizi. Macho nayo yapimwe, kwa maana wako wanaoona vizuri karibu na wasioona vizuri mbali. Ukitaka yaya awe dereva wa mtoto wako, punguza kazi za usiku, na umpe siku yake ya mapumziko kila wiki kama sheria ya ajira ya mwaka 2007 inavyosema.

Swali la tano: Je, anaweza kuacha simu? Simu iwekwe kwenye mkoba, kiti cha nyuma, sauti ikiwa imezimwa. Na wewe mama, usimpigie simu wakati unajua yuko njiani ili kuuliza kama wamefika. Wewe ndiwe utakayemfanya aitoe macho barabarani. Mkubaliane kwamba akifika, akizima gari, na mtoto akishapokewa na mwalimu, ndipo atume ujumbe.

Swali la sita: Je, bima ya gari inamfunika? Soma karatasi ya bima au uulize ofisi iliyokuuzia. Baadhi ya bima huweka masharti juu ya umri wa dereva au miaka ya leseni yake. Afadhali kuuliza leo kuliko kujua kesho ukiwa hospitalini.

Sasa tuseme amepita maswali yote sita. Bado hatujamaliza, kwa sababu dereva mzuri hawezi kuzuia kosa la dereva mwingine. Mtoto lazima awe na kiti chake cha gari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa asilimia 71. Ni kinga kubwa hiyo.

Mtoto mchanga aketi akitazama nyuma ya gari, mpaka atimize angalau miezi 15, na hata zaidi kama kiti chake kinaruhusu uzito na urefu wake. Akikua, atakaa kwenye kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake mwenyewe. Akikua zaidi, atatumia kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani na nyonga, usipite shingoni wala tumboni. Kiti hicho cha kumwinua anakihitaji mpaka afike urefu wa sentimita 135 hadi 150 hivi. Wakati huu wote, mahali pake ni kiti cha nyuma. Na usiweke kamwe kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa wa kando ya dereva, kwa maana mfuko huo ukifumuka unaweza kumuua mtoto.

Ukinunua kiti cha mtumba, kikague vizuri. Kama kina ufa, kama mikanda imechanika, au kama kilikuwa ndani ya gari lililopata ajali, kiache. Ukishakifunga garini, kishike kwa chini ukitikise. Kikicheza, hakijafungwa vizuri. Mfundishe yaya kukifunga na kumfunga mtoto, kisha mwache afanye peke yake nawe ukitazama. Wakati wa baridi ya Julai, mtoto avuliwe koti zito kabla ya kufungwa, kwa sababu koti hufanya mkanda ulegee. Mfunge kwanza, halafu umfunike blanketi kwa juu.

Sasa, itakuwaje ikiwa jibu lako ni hapana? Hapa akina mama wengi hukosea njia. Mama anamnyima yaya ufunguo wa gari kwa kuogopa ajali, halafu anampa shilingi mia moja ya bodaboda. Yaya anapanda nyuma, mtoto anawekwa katikati, au juu ya tangi mbele ya mwendeshaji. Mama, hapo umekimbia mvua ukajitosa mtoni. Sheria yetu ya trafiki inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Yaya na mtoto ni abiria wawili. Tena mtoto wa miaka mitatu miguu yake haifiki mahali pa kukanyaga, na helmeti ya mtu mzima haimkai kichwani. Mtoto mdogo asipande bodaboda.

Njia nyingine zipo. Kama nasari iko karibu, watembee. Mtoto ashikwe mkono wakati wote, akiwa upande ulio mbali na magari. Kama hakuna njia ya miguu, watembee upande wa kulia wa barabara ili waone magari yanayokuja. Barabara kubwa wavuke kwa daraja la waenda kwa miguu, hata kama ni kuzunguka. Usitarajie mtoto ajiangalie mwenyewe, kwa maana kabla ya miaka 9 au 10 hivi watoto wengi hawawezi kukadiria vizuri gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani.

Kama ni matatu, lipia mtoto kiti chake. Tangu sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zinatakiwa kuwa na mikanda. Mtoto afungwe mkanda wake peke yake. Yaya na mtoto wasifungwe mkanda mmoja, kwa sababu matatu ikigonga, mwili wa mtu mzima utamkandamiza mtoto. Kama ni gari la shule, kague kama lina viti vya kutosha na mikanda, na kama kuna mtu mzima wa kuwatunza watoto zaidi ya dereva. Na mara nyingine jibu ni kuchagua nasari iliyo karibu na nyumbani badala ya ile yenye jina kubwa. Mtoto wa miaka mitatu hatapoteza chochote kwa kusoma karibu.

Na ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi mkae chini na yaya mpatane. Njia ni moja iliyokubaliwa, hakuna kupitia kwa rafiki wala kubeba abiria. Safari ni za mchana tu. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zikija na maji yakifunika barabara, asijaribu kuyapita. Arudi nyumbani, na mtoto akose shule siku hiyo. Asimwache mtoto peke yake ndani ya gari hata kwa dakika mbili za kununua maziwa. Gari lililo juani hupata joto upesi sana, na linaweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 tu. Mwili wa mtoto hauwezi kustahimili. Na usimhesabie yaya dakika. Afadhali mwalimu amwandike mtoto kwamba alichelewa.

Jambo lingine, mama. Udereva ni kazi. Ulimwajiri kumtunza mtoto na nyumba. Ukimwongezea usukani, mwongezee mshahara, na mwandikiane. Zaidi ya hayo, mpe ruhusa ya kukataa. Mwambie hivi: "Dada, siku ukiamka huna nguvu, au ukiona gari lina kasoro, niambie tu. Sitakasirika." Na siku atakapokuambia, "Mama, leo siwezi kuendesha," usinune, usimkumbushe mshahara. Mshukuru, upange njia nyingine. Yaya anayeogopa kazi yake itaisha ataendesha hata akiwa na homa, na mzigo wa hofu hiyo ataubeba mtoto wako.

Kabla hatujaagana, yaya ajue la kufanya ajali ikitokea. Asimame, azime gari, awashe taa za tahadhari. Apige 999 au 112. Mtoto akivuja damu, akandamize jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia. Kama mtoto hasogei, au analalamika shingo, asimvute wala kumbeba, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine pale pale. Mtoto aliyegongwa kichwa apelekwe hospitali hata kama anacheka. Na kwa siku mbili baadaye, mkimwona anatapika, analala kupita kawaida, anaumwa kichwa sana au anatikisika kwa degedege, mrudisheni hospitali mara moja. Namba zako, za baba na za hospitali iliyo karibu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya gari, kwa maana simu huweza kuvunjika.

Basi, mama, jioni ya leo, mtoto akishalala, keti na yaya wako mpitie yale maswali sita moja baada ya jingine. Leseni. Uzoefu. Uendeshaji uliouona mwenyewe. Mapumziko. Simu. Bima. Likikosa moja, ufunguo ubaki nawe mpaka lipatikane. Yakitimia yote, na kiti cha mtoto kikiwa kimefungwa imara, utaondoka alfajiri ukijua kwamba umefanya lililo juu yako.

 Mpashe jirani yako haya uliyoyasikia. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia wewe, yaya wako na watoto afya njema na safari salama. Kwaheri.